Kelele ya ukinzani inavyofichua mwenendo wa glasi ya spini

Kati ya njia zote za kuchunguza glasi za spini, yaani vitu ambamo spini, sumaku ndogo za atomi, huganda zikielekea ovyo, ninayoithamini zaidi ni kusikiliza kelele ya ukinzani wa umeme, yaani yale mabadiliko madogo ya ukinzani yanayotokea yenyewe wakati sampuli imeachwa itulie.

Tuchukue shaba iliyochanganywa na manganizi kidogo. Kila atomi ya manganizi ni sumaku ndogo, na umbali kati yake na jirani ndio unaoamua iwapo spini zao zitaelekea upande mmoja au zitapingana. Kwa kuwa atomi hizo zimetawanyika ovyo, hakuna mpangilio unaoweza kuziridhisha zote. Zikipozwa vya kutosha, huganda bila utaratibu. Mwaka 1972 wanafizikia Cannella na Mydosh waliona dalili kali ya mgando huo katika aloi za dhahabu na chuma, lakini walitumia uga wa sumaku, na walichopima kilikuwa wastani wa spini nyingi mno.

Elektroni hutupa nafasi nyingine. Katika joto la chini sana, elektroni husafiri kama wimbi linalogongwa na spini nyingi kabla ya kupoteza kumbukumbu ya awamu yake (mahali wimbi lilipofikia katika kupanda na kushuka kwake), na njia zake mbalimbali huongezana au kufutana kulingana na jinsi spini hizo zilivyoelekea. Kundi dogo la spini likigeuka, hesabu yote ya mawimbi hubadilika, na ukinzani nao husogea. Ndiyo maana sampuli inapaswa kuwa ndogo sana: katika kipande kikubwa, mabadiliko ya sehemu nyingi humezana. Sampuli huwekwa kwenye saketi ya daraja, inayopima tofauti tu kati ya matawi mawili ya saketi, ili kelele ya chanzo cha umeme ijifute, kisha mkondo huongezwa kwa uangalifu, kwa sababu nguvu ya kelele ya ukinzani hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo ilhali kelele ya joto, itokanayo na msukosuko wa elektroni, haibadiliki, mradi sampuli isipashwe moto na mkondo wenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, wanafizikia Israeloff, Weissman na wenzao walionyesha kwamba kelele ya shaba na manganizi hupanda sana karibu na joto la mgando. Kwangu, hata hivyo, hazina kubwa imo katika spektra ya pili, inayopima jinsi nguvu ya kelele yenyewe inavyopanda na kushuka kadiri muda unavyopita. Kama spini zingegeuka katika vikundi vingi visivyohusiana, spektra hiyo ingekuwa bapa. Nadharia ya matone yanayoathiriana, inayoona spini zikigeuka kwa makundi (matone) ya ukubwa mbalimbali, inatarajia kelele ya frikwensi za chini ibadilike-badilike zaidi, kwa kuwa hutoka kwenye matone makubwa ambayo ni machache. Nadharia ya ngazi, inayoona hali za spini zikipangika katika ngazi, kundi ndani ya kundi, na iliyo karibu na fikra za mwanafizikia wa Italia Giorgio Parisi, inatarajia umbo lilelile katika kila frikwensi. Vipimo vya shaba na manganizi vimeegemea ngazi, nami naviona kuwa ushahidi mzito, ingawa sampuli ndogo kiasi hicho haziwezi kutuambia moja kwa moja mambo yalivyo katika kipande kisicho na mipaka.