Posta si duka la jumla

Wiki mbili zilizopita katibu wa chama kimoja cha wenzetu hapa Ohio alinipigia simu: "Dada, tunazo barua mia nne za harambee. Tufanyie bei ya jumla." Nikamwuliza zimeshachapwa? Zimeshachapwa. Akaja na maboksi. Bahasha za mraba, inchi 6 kwa 6, nyekundu iliyoiva, majina na anwani zimeandikwa kwa mkono kwa wino wa dhahabu. Nzuri mno. Akina mama walikaa usiku mbili kuziandika. Hakuna hata moja kati ya hizo 400 ambayo ingepata bei waliyoipangia kwenye bajeti.

Nimefanya kazi ya kutayarisha barua za wingi kwa miaka kumi na moja, na neno hilo, "bei ya jumla", limenichosha. Tumelitoa sokoni: ukinunua gunia, kilo inashuka bei. Posta ya Marekani haiuzi hivyo. Inapunguza bei kwa sababu umeifanyia sehemu ya kazi yake. Mpango huo wa kugawana kazi ulianza mwaka 1976, na kila senti inayopunguzwa inatokana na hatua fulani ambayo mashine au mtu wa posta hataifanya tena kwa sababu wewe umeshaifanya.

Fuata barua moja ya kawaida. Mashine inasoma anwani, inachapa msimbo pau, inaipeleka kwenye kituo cha eneo lake, inaichambua kwa ZIP, yaani namba ya eneo la posta yenye tarakimu tano, kisha inaipanga kwa mfuatano wa nyumba anazopitia mleta barua. Ukija na barua zenye msimbo pau tayari, anwani zimehakikiwa, zimepangwa kwenye trei kwa ZIP, umeziruka nyingi za hatua hizo. Ndiyo maana barua 400 zinazokwenda ZIP mbili hulipiwa kidogo kuliko barua 400 zilizotawanyika majimbo ishirini. Idadi ni ileile. Kwa barua za kawaida unahitaji angalau 150 za ZIP moja ili upate trei ya tarakimu tano, ambayo bei yake ni ya chini. Zisizofika hapo zinapanda ngazi, trei ya eneo, halafu trei ya mchanganyiko, na bei inapanda nazo.

Idadi ina kazi moja tu, kukufungulia mlango. Kwa Marketing Mail, daraja la barua za matangazo na harambee, ni barua 200 au uzito wa paundi 50. Kwa First-Class Mail, daraja la barua za kawaida na za binafsi, ukitaka bei nafuu ni 500. Ukishaingia, kinachohesabiwa ni kazi.

Mengine nayapitia haraka kwa kuwa yameandikwa vizuri kwenye fomu zenyewe. Unahitaji kibali cha kutuma. Ukitumia alama ya kibali iliyochapwa badala ya stempu, kila barua iwe na uzito sawa na mwenziwe. Unajaza fomu ya malipo, unafunika trei, unafunga mkanda, unapeleka kwenye kaunta ya barua za biashara, si kwa karani wa stempu. Na makanisa na misikiti, tafadhali: cheti cha kusamehewa kodi hakikupi chenyewe bei ya mashirika yasiyo ya faida. Unaiomba posta kwa fomu 3624, na chama kingine hakiwezi kupanda mgongoni mwa kibali chako. Stakabadhi za sadaka za Januari, zenye jina la mtu na kiasi alichotoa, ziende First-Class. Hizo ni habari za mtu binafsi, hazina nafasi kwenye Marketing Mail.

Sasa umbo, maana hapa ndipo fedha zinapopotea. Gawanya urefu wa barua kwa kimo chake. Jibu liwe kati ya 1.3 na 2.5. Mraba unatoa 1, kwa hiyo mashine haiwezi kuuelekeza vizuri, na unalipa bei ya barua zisizopita mashineni. Wengi huelewa hilo wakishaambiwa. Wasichoelewa, na hata wasanifu wenye vyeti hukosea, ni kwamba "urefu" si upande mrefu wa kadi. Urefu ni upande unaokwenda sambamba na mistari ya anwani. Chukua kadi ya inchi 5 kwa 7. Anwani ikiandikwa sambamba na upande wa 7, unapata 1.4, imepita. Kadi hiyohiyo, karatasi hiyohiyo, ukaisimamisha na kuandika anwani sambamba na upande wa 5, unapata 0.71, imekataliwa bei ya mashine. Hujabadilisha karatasi wala uzito. Umegeuza anwani tu, na kila kadi imepanda bei. Nimeona hili mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nikipokea faili ya kuchapa, kabla ya kusoma neno lolote natazama anwani imelala upande gani.

Anwani yenyewe ina kiwanja chake: nusu inchi kutoka kila ubavu, na kati ya inchi 5/8 na 2¾ kutoka ukingo wa chini. Pembe ya chini kulia, inchi 4¾ kwa 5/8, iachwe tupu kama msimbo pau hauko kwenye anwani. Msanifu huiona pembe hiyo tupu na moyo wake unamtuma aweke ua, nembo, namba ya simu. Iache. Karatasi ya rangi nzito nayo ni tatizo, kwani mashine inatafuta tofauti kati ya wino na karatasi. Bahasha ya dirisha ijaribiwe kwa kuigonga mezani, kushoto, kulia na chini. Msimbo pau ukisogea hadi ukabaki na chini ya 1/8 ya inchi pembeni mwa dirisha, barua imekunjwa vibaya au dirisha ni dogo. Kipeperushi cha kukunja kisicho na bahasha kiwe na mkunjo upande wa chini na vibandiko juu. Kikigeuzwa, mashine inakifungua na kukichana, na inakwama pamoja na barua za watu wengine.

Uzito ndio watu huogopa, na ndio usiostahili kuogopwa kuliko vyote. Mchungaji mmoja aliwahi kuondoa ukurasa wa ratiba ya mwaka mzima ili barua iwe nyepesi. Kwenye bei hizi za wingi, barua ya mashine inalipiwa bei moja hadi aunsi 3.5. Karatasi tano za kawaida pamoja na bahasha zinakaribia aunsi moja. Aliwanyima waumini ratiba bila kuokoa hata senti.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu vya kanuni havikuambii. Watu wawili wa posta wanaotumia kanuni moja hawakubaliani kila mara. Nimewahi kuleta kadi ikapokelewa, na miezi minne baadaye kadi ya umbo lilelile ikakataliwa na mtu mwingine kwa sababu ya mng'ao wa karatasi. Tangu hapo kila muundo mpya naupeleka kwa mchambuzi wa miundo wa posta kabla ya kuchapwa. Huduma hiyo ni bure, na jibu naliomba kwa maandishi.

Lakini sehemu inayoninyima usingizi ni orodha ya majina. Ili upate bei ya chini, anwani zilinganishwe na kumbukumbu za waliohama ndani ya siku 95 kabla ya kutuma. Programu ya NCOALink inafanya hivyo, na kwa orodha za Wamarekani wengi inafanya vizuri. Kwa orodha zetu, sina uhakika nayo.

Tuseme Salim Hassan ameoa Fatuma Juma, na mtoto wao ni Rehema Salim. Wamehama. Salim amejaza fomu ya posta ya kuhama kama familia, na amelala usingizi akijua amemaliza. Fomu ya familia inawahusu wenye jina la mwisho linalofanana. Hapo ni Hassan, na Hassan ni mmoja tu. Fatuma na Rehema, kwa kumbukumbu za posta, bado wako nyumba ya zamani. Kila mmoja alitakiwa kujaza fomu yake. Familia za Kongo, ambako kila mtoto ana jina lake, ni hivyohivyo, na ndugu akiandikwa Hassan Salim kwenye orodha na Salim Hassan kwenye fomu, majina hayakutani. Orodha inarudi kwangu imepita ukaguzi, nami nasaini, huku nikijua robo ya kina mama huenda wasipate barua. Na Marketing Mail isiyo na maelekezo ikikosa mwenyewe haimfuati wala hairudi. Inatupwa.

Ukiandika Return Service Requested, inarudi na sababu au anwani mpya, ila kila inayorudi unailipia bei ya First-Class. Ukiandika "au mkazi wa sasa" kwa Kiingereza chini ya jina, sharti la kulinganisha linaondoka na barua inaachwa mlangoni kwa yeyote aliyepo. Sikupenda njia hiyo kwa barua ya msiba au harambee. Mtu anastahili kuitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka nawashauri walipie zinazorudi, wapige simu, wasahihishe. Sijui kama ndiyo njia bora. Vyama vingine vimeniambia fedha hiyo ingetosha kununua mchele wa mkutano, na sikuwa na jibu.

Katibu wa bahasha nyekundu amezichukua. Zile za mjini watazigawa wenyewe kwa mkono baada ya ibada. Kwa zilizobaki tumekubaliana kadi nyeupe ya 5 kwa 7, anwani sambamba na upande mrefu, pembe ya kulia tupu. Alhamisi ataniletea orodha mpya, majina kama yalivyo kwenye mkataba wa nyumba, na namba ya fleti kwa kila mmoja.