Majalada 1,500 ya Kenya na kesi ya Mau Mau

Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa pauni milioni 19.9 Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Wengi wanakumbuka fidia. Sisi wa nyaraka tunakumbuka masanduku.

Wazee watano walipofungua kesi London mwaka 2009, walikuwa na makovu na maneno yao. Uingereza ilijitetea kwamba nusu karne imepita, mashahidi wamekufa, kesi haiwezi kusikilizwa kwa haki. Wanahistoria waliowasaidia wazee wakaibua barua za zamani zilizotaja majalada yapatayo 1,500, masanduku 300, yaliyosafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi Desemba 1963. Serikali hata ikificha kitu hukiandikia barua. Januari 2011 ilibidi ikiri: majalada yako Hanslope Park, kituo cha serikali chenye ulinzi mkali huko Uingereza, pamoja na ya makoloni mengine zaidi ya 30.

Hati inayonitisha kuliko zote ni ya Juni 1957. Mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, anamweleza Gavana Evelyn Baring namna wafungwa wanavyoweza kupigwa, na viungo vya kuepuka: wengu, ini, figo. Ushahidi wa namna hii haupingiki kirahisi, maana umeandikwa na ofisi inayoshtakiwa yenyewe. Oktoba 2012 Jaji McCombe aliamua kwamba kwa wingi wa nyaraka zilizopo, kesi inaweza kusikilizwa kwa haki.

Tusijidanganye, lakini. Dai jingine la Wakenya zaidi ya 40,000 lilishindwa mwaka 2018, sababu kubwa ikiwa muda uliopita. Na mengi yalishachomwa: mwaka 1961 Waziri wa Makoloni Iain Macleod aliagiza hati za kuiaibisha serikali zisikabidhiwe kwa nchi zinazopata uhuru. Ajabu ni kwamba hata uchomaji wenyewe ulitakiwa kuandikiwa cheti.

Zilizobaki majumbani nazo ni ushahidi. Ukiwa na kipande cha babu (kitambulisho cha enzi ya ukoloni), amri ya kizuizini au barua kutoka kambini, usiitie plastiki ya moto wala kuibandika gundi ya karatasi. Itunze mahali pakavu, na kwenye karatasi ya pembeni uandike kwa penseli ilikuwa ya nani, wa kijiji gani, na imekufikiaje. Ikipelekwa Nyaraka za Taifa bila maelezo hayo, kazi ya kuithibitisha huwa ngumu mara mbili.