Jiko la peleti: kuni zinazojilisha motoni

Jiko la peleti ni jiko la nje la kuchomea na kufukizia nyama. Linakula kuni, ila moto wake unaendeshwa na umeme. Kwa macho ni pipa lililolazwa, lenye mfuniko, bomba la moshi na sanduku ubavuni. Mpishi anachagua joto, tuseme nyuzi 110 za Selsiasi, anaweka nyama, anafunika na kwenda zake. Hakuna wa kupuliza wala wa kuchochea.

Kuni zenyewe ndizo peleti: vijiti vifupi vya mviringo, unene wake milimita 6 hivi. Vumbi la mbao hukaushwa, kisha hushindiliwa kwa nguvu kupitia matundu ya bamba la chuma. Msuguano huleta joto, na joto hulainisha lignini, ambayo ni gundi ya asili iliyomo ndani ya mti. Vikipoa, vumbi limeshikamana bila kutiwa gundi nyingine. Peleti nzuri ina unyevu usiofika asilimia 10 na huacha majivu yasiyofika asilimia 1. Ukiivunja hukatika kwa mlio, na ubavu wake unang'aa. Ikifikichika na kumwaga unga, imeshapigwa na unyevu.

Asili yake si jikoni. Marekani, peleti zilishika kasi kama nishati ya kupashia nyumba joto baada ya mafuta kupanda bei miaka ya 1970. Joe Traeger wa Mount Angel, jimbo la Oregon, ambaye familia yake ilikuwa kwenye biashara ya vifaa vya kupashia nyumba, ndiye aliyelihamishia wazo hilo kwenye nyama. Hataza yake ilitoka mwaka 1986. Miaka 20 baadaye ikaisha muda, na hapo ndipo kampuni nyingine zilipoingia sokoni kwa wingi.

Tuufungue mfuniko. Chini ya lile sanduku la peleti kuna parafujo ndefu iliyolala ndani ya bomba. Mota ikiizungusha, inasukuma peleti chache chache hadi kwenye kikombe cha chuma katikati ya jiko. Ndani ya kikombe kuna kijiti cha umeme ambacho huwa chekundu kwa dakika chache za mwanzo, peleti zikashika moto, kisha kikazimika. Feni inapuliza hewa kwenye kikombe. Juu ya moto limelala bamba la chuma, juu yake sinia lililoinamishwa ili mafuta yachuruzike hadi kwenye kikopo cha nje, na juu kabisa wavu wenye nyama. Kipimajoto ukutani kinatuma habari kwa kidhibiti: joto likishuka, parafujo inazunguka zaidi, likipanda, inapumzika. Kazi yote ndiyo hiyo, na kwa hesabu yangu hili ni tanuri la kuni zaidi kuliko jiko la kuchomea.

Usilitarajie basi likupe nyama choma. Ile inatokana na makaa wazi chini ya nyama, mafuta yakidondoka na kulipuka moshi papo hapo. Hapa bamba limeuziba moto na feni inazungusha hewa ya moto pande zote. Mengi ya majiko haya hayavuki sana nyuzi 260, kwa hiyo mbavu za mbuzi zitaiva vizuri lakini ule uso wa kuungua kidogo utautafuta.

Linapong'ara ni kwenye nyama ngumu. Chukua kidari cha ng'ombe, kile kipande cha kifuani chenye nyuzi nene ambacho Texas wamekifanya kama ibada. Kwenye nyuzi 110 kinakaa saa 12, pengine zaidi. Ndani ya nyama joto linapanda vizuri hadi karibu nyuzi 70, halafu linagoma kwa saa kadhaa. Mpishi mgeni hudhani jiko limeharibika, kumbe maji yanayotoka kwenye nyama yanaipoza kama jasho linavyopoza mwili. Likishavuka hapo, kolajeni, ile protini inayoikaza nyama ngumu, inazidi kuyeyuka na kuwa rojo, na kwenye nyuzi 95 hivi kisu kinaingia bila kubishana. Kuulinda moto wa magogo usiku kucha ili ufike hapo ni kazi ya watu wenye subira au wenye zamu.

Kuhusu moshi, mambo ni kinyume cha unavyofikiri: ukipandisha joto, moshi unapungua. Peleti kavu zinazopulizwa hewa nyingi huungua karibu zote, zikaacha moshi kidogo. Ukilishusha joto hadi nyuzi 90 hivi, moto unafukafuka na moshi unaongezeka. Hata hivyo ladha yake ni nyepesi kuliko ya jiko la magogo, na ubishi wa wazoefu hauishi. Kansas City Barbeque Society, chama cha Marekani kinachosimamia mashindano ya kupika nyama kwa moshi, inaruhusu peleti katika mashindano yake: gesi na umeme haviruhusiwi kuwa chanzo cha joto cha kupikia, ila umeme wa kuzungusha parafujo na feni ni ruksa.

Aina ya mti nayo ina neno lake, ingawa mifuko mingi huwa na mchanganyiko, mara nyingi mwaloni ukiwa ndio mwingi. Mtufaa na mcheri hutoa moshi mpole unaofaa kuku. Hikori ni mzito. Mkali kuliko yote ni mesquite wa Texas, na huyo ni ndugu wa damu wa mathenge, ule mti wa miiba unaowasumbua wafugaji wa Baringo na ambao mkaa wake Wakenya wanaujua.

Umeme ndio udhaifu wake mkubwa. Si kwamba linakula mwingi, maana baada ya kuwaka linahitaji kama balbu kubwa tu. Tatizo ni ukikatika katikati ya kazi. Feni inasimama, moto unabaki na kikombe kilichojaa, na unaweza kurudi nyuma taratibu kupitia bomba la parafujo kuelekea sandukuni. Ndiyo maana jiko huzimwa kwa swichi yake na kuachwa feni imalizie peleti zilizobaki. Moto ukizimika wenyewe, usiwashe tena kabla ya kumwaga peleti zilizolundikana kikombeni: zitafuka moshi mweupe mzito kisha zilipuke kwa kishindo, zikauinua mfuniko.

Peleti ziwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko. Zikilowa huvimba na kuwa uji, na uji huo ukikaukia ndani ya bomba, parafujo hukwama kabisa. Na zinunuliwe zilizoandikwa kuwa ni za chakula. Za kupashia nyumba huweza kuwa za msonobari wenye utomvu, au mabaki ya mbao usizojua zilipakwa nini.