Kicheko Kikaoni na Wazo Linalokuja Ghafla

Nyumba yangu kubwa haina mlango. Mtoto akitegewa kitendawili hiki kwa mara ya kwanza huzunguka nyumba zote anazozijua. Akiambiwa ni yai, hucheka. Kicheko hicho humtoka pale anapoona kitu alichokishika kila siku kwa jicho jingine kabisa, na jicho hilo ndilo tunalolitafuta tunapoitana kubungua bongo, yaani kumimina mawazo mengi kwa pamoja ili kupata suluhisho.

Wanasaikolojia wana kitendawili chao, alichokibuni Mjerumani Karl Duncker. Unapewa mshumaa, kiberiti na kisanduku kilichojaa pini za kubania karatasi. Ubandike mshumaa ukutani, uwake bila nta kudondokea chini. Wengi huuchoma mshumaa kwa pini, au huyeyusha nta wakijaribu kuugandisha. Haushiki. Jibu ni kumwaga pini, kukibana kisanduku ukutani na kusimamisha mshumaa juu yake. Kisanduku kilikuwa mbele yao muda wote, ila walikwisha kukihesabu kuwa chombo cha pini.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, mwanasaikolojia Alice Isen na wenzake nchini Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu fumbo hilo. Baadhi walitangulia kuoneshwa filamu fupi ya vichekesho, wengine filamu ya hisabati. Katika jaribio moja, asilimia 75 ya waliotazama vichekesho walilifumbua ndani ya dakika 10. Kwa waliotazama hisabati ni asilimia 20. Vikundi vilikuwa vidogo, kwa hiyo tusizishike namba hizo kama sheria. Hata hivyo tofauti ni kubwa, na maelezo yake yanaingia akilini: mtu mwenye furaha huunganisha vitu vilivyo mbali, na haharakishi kulikataa wazo kwa kuwa tu ni geni.

Upande wa pili ni hofu. Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani aliyeeneza ubunguaji bongo miaka ya 1950, aliweka sharti kwamba wazo lisihukumiwe wakati mawazo yanamiminwa. Sharti hilo ni jepesi kuandika kwenye bango kitita, ila gumu kutii mkurugenzi akiwa amekaa mbele. Watu wakicheka pamoja, mkurugenzi akiwemo, karani aliyeajiriwa juzi anathubutu kufungua mdomo. Kicheko lakini hakiondoi tatizo la kungojana zamu, ambalo huwafanya watu wasahau walichotaka kusema. Dawa yake ni kila mmoja aandike peke yake kwa dakika chache kabla ya mazungumzo.

Hapa nawasihi wenyeviti na wawezeshaji wawe waangalifu sana. Lugha yetu hutenganisha kucheka na mtu na kumcheka mtu. Karani yule akitoa wazo, wawili wakatazamana na kuguna kwa kicheko, amechekwa. Hatasema tena siku hiyo, na pengine mwaka mzima, na wenzake waliokuwa na mawazo mabichi kama lake watayameza. Nimeona vikao vingi vikifa hivyo, na inaniuma kila mara. Mwezeshaji akiliona hilo asinyamaze. Alirudie wazo kwa sauti, aliandike, amwombe mwenyewe aliendeleze.

Kuanzisha kicheko chenye heri hakuhitaji mchekeshaji. Anzeni kwa vitendawili viwili vitatu, kila mtu atege cha kwao. Au ulizeni: tungetaka kuliharibu jambo hili kabisa, tungefanya nini? Majibu huchekesha, na mara nyingi likigeuzwa moja kichwa chini, ndani yake mna pendekezo la kweli. Liandikeni papo hapo, kabla kicheko hakijapoa.

Kuchuja mawazo kuje baadaye, ikiwezekana baada ya chai, kwa maswali makavu: wazo hili litagharimu kiasi gani, litachukua muda gani, na nani atalishika.