Dawa Ikipanda Shingoni Mapema: Maswali Kuhusu Picha ya Nyuklia ya Ubongo

Kwa nini nachomwa sindano mkononi, na kinachopigwa picha ni ubongo?

Damu yako ndiyo inayoibeba dawa, ambayo hutoa mionzi inayonaswa na kamera. Mara nyingi ni teknetiamu-99m, ambayo mionzi yake hupungua kwa nusu kila saa 6. Kutoka kwenye vena ya mkono (mshipa unaorudisha damu moyoni) inaingia upande wa kulia wa moyo, inapita mapafuni, inarudi upande wa kushoto, kisha inapanda kichwani kwa ateri za shingo (mishipa inayotoa damu moyoni). Yote hayo ni sekunde chache, na kamera inapiga picha mfululizo.

Vena yangu ya shingo imeonekana imejaa dawa. Naumwa?

Mara nyingi hapana. Vena hiyo hushusha damu kutoka kichwani, na chini yake kuna vali inayozuia damu isirudi juu. Ukikohoa, ukijikamua au ukibana pumzi, shinikizo la kifuani hupanda. Vali isipofunga vizuri, dawa hurudi nyuma na kupanda shingoni. Mtoto anayelia anapochomwa hupatwa na hilo pia. Hutokea zaidi kwa sindano ya mkono wa kushoto, kwani vena ya upande huo hukatiza nyuma ya mfupa wa kidari, mahali inapoweza kubanwa. Kwa hiyo pumua kawaida wakati wa sindano.

Lakini kama uso au mkono umevimba, au umewahi kuwekewa mpira wa kusafishia damu shingoni, mwambie daktari. Huenda kuna donge la damu au uvimbe unaoziba njia, na hilo halifai kupuuzwa.

Daktari anajuaje kuwa ni vena, si ateri?

Anaangalia kipi kimetangulia. Dawa ikionekana shingoni kabla ya mapafu, haijapita moyoni, basi iko kwenye vena.

Kuna hatari gani wakichanganya?

Kubwa sana, hasa kipimo kinapofanywa kuthibitisha kifo cha ubongo, yaani kwamba ubongo umeacha kufanya kazi kabisa na hautarudi. Dawa iliyorudi kwa vena inaweza kudhaniwa ni damu inayofika kwenye ubongo, na ndugu wanaosubiri nje wakapewa tumaini lisilo la kweli. Familia hiyo inastahili kipimo kurudiwa kwa mkono mwingine pale shaka inapobaki. Zipo pia dawa zinazonaswa na ubongo wenyewe: picha ya baadaye huonyesha ubongo uking'aa kama damu inaufikia, na kama haiufikii, fuvu huonekana tupu.