Kiwanda cha Injini za Kuuza ni Nini? Mfano wa White & Poppe wa Coventry

Katika historia ya magari, kiwanda cha injini za kuuza ni kiwanda kilichotengeneza injini na kuwauzia waundaji wengine wa magari, bila chenyewe kutegemea gari lenye jina lake. Mnunuzi aliifunga injini hiyo kwenye chasisi, akaweka ekseli alizonunua kwingine na bodi aliyoagiza kwingine tena, kisha akabandika nembo yake juu ya rejeta. Gari la namna hiyo lilikuwa la kuunganisha, ingawa lisichanganywe na magari yanayounganishwa leo Thika au Mombasa, ambako vipande huja vimefungashwa kutoka kwa mtengenezaji mmoja mwenye mchoro wa gari zima. Muunganishaji wa zama zile alilipanga gari lake mwenyewe, na mwenyewe akazunguka kutafuta wa kumuuzia kila kipande.

Injini ndiyo iliyowashinda wengi. Silinda ilimiminwa kwa chuma katika kalibu, huku njia za maji ya kupoozea zikiachwa ndani ya ukuta wake, na chuma kikiingiwa na vitundu wakati wa kumimina, maji huvuja na kipande chote hutupwa. Kilichosalimika kilichongwa ndani kwa kipimo cha kubana sana ili pistoni ipite bila kukwama wala kupwaya. Mashine za kazi hiyo zilikuwa ghali, na hazikurudisha fedha zake ila kwa injini nyingi. Ndiyo maana hata gari la kwanza la Louis Renault, mwaka 1898, liliendeshwa kwa injini ndogo ya De Dion-Bouton.

White & Poppe ilianzishwa Coventry, Uingereza, mwaka 1899, na Alfred White pamoja na Peter Poppe, mhandisi kutoka Norway. Mji ulikuwa umejaa mafundi wa saa, wa cherehani na wa baiskeli, watu waliozoea kazi ya vipimo vidogo, kwa hiyo kiwanda cha injini kilipata mikono iliyo tayari. Wateja wake walikuwa kampuni kama Singer, Swift, Calthorpe na Dennis wa Guildford, ambao waliunda malori na magari ya zimamoto. Kampuni ilitengeneza pia kabureta zake yenyewe, jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaonyesha heshima yake kuliko idadi ya wateja, kwa sababu fundi anayesimamia mchanganyiko wa hewa na petroli hana wa kumlaumu injini inapokohoa.

Mteja wake anayekumbukwa zaidi ni William Morris, aliyekuwa na gereji Oxford. Gari lake la kwanza, Morris Oxford, lilianza kuuzwa mwaka 1913 likiwa na injini ya White & Poppe yenye silinda 4, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 60 na mwendo wa pistoni wa milimita 90, yaani jumla ya sentimita za ujazo 1,018. Ekseli zilitoka kwa kampuni ya Wrigley huko Birmingham, na Morris hakuona aibu yoyote katika hilo. Alinunua kwa wanaojua, akatumia mtaji wake kuunganisha na kuuza.

Injini hiyo ilikuwa na valvu za kuingiza upande mmoja wa silinda na za kutoa moshi upande wa pili, mpangilio unaohitaji kamshafti 2 (mihimili inayozunguka na kufungua valvu), kila upande na yake. Zilifikika kwa urahisi wakati wa matengenezo, ila kila kamshafti ya ziada ni kazi ya ziada, na kazi hiyo hulipwa na mnunuzi. Morris alipotaka gari kubwa zaidi, la kubeba watu 4, alisafiri kwenda Marekani mwaka 1914 na kukuta kampuni ya Continental ya Detroit ikiuza injini ya sentimita za ujazo 1,495, yenye valvu zote upande mmoja, kwa bei ambayo Coventry haikuweza kuikaribia. Tofauti hiyo haikutokana na uzembe wa White & Poppe. Continental ilitengeneza injini kwa soko la nchi nzima ya Marekani, na gharama ya mashine zake iligawanyika kwa injini nyingi mno. Morris Cowley ya mwaka 1915 ikatoka na injini ya Detroit.

Hapo ndipo udhaifu wa biashara hii unapoonekana. Muuza injini hana mkataba wowote na dereva barabarani, ambaye mara nyingi hata hajui jina lake. Ana mikataba na waundaji wachache tu, na kila mmoja wao akikua hutafuta bei nafuu zaidi, au huamua kujitengenezea. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Morris aliagiza nakala ya injini ya Continental kwa Hotchkiss, kampuni ya Kifaransa iliyokuwa na kiwanda cha silaha papo hapo Coventry, na mwaka 1923 akakinunua kiwanda hicho.

White & Poppe nayo iliingia vitani ikitengeneza fyuzi za kulipulia makombora ya mizinga, na maelfu ya wafanyakazi wake, wengi wao wanawake, waliishi karibu na kiwanda. Kazi hiyo ilipokoma mwaka 1918, karakana zilikuwa kubwa kupita maagizo ya injini yaliyobaki. Mwaka 1919 Dennis, mteja wake wa siku nyingi, waliinunua kampuni yote ili wasikose injini za malori yao, na baadaye kazi ya injini ikahamishiwa Guildford. Poppe mwenyewe alikwenda kampuni ya magari ya Rover, akawabunia injini ya gari lao lililoitwa 14/45.