Kimya cha raia wakati wa vita vya dikteta

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kufundisha siasa za tawala za kimabavu ni hili: kama kweli raia hawaitaki vita, mbona hawaingii barabarani? Mara nyingi anayeuliza ameshahukumu. Hawaandamani, basi wanakubali. Hukumu hiyo inaniuma, kwa sababu inawaangukia watu walionyang'anywa kila njia ya kuijibu.

Kwanza, wapo walioandamana. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, watu walitoka siku hiyo hiyo Moscow, St Petersburg na miji mingine mingi. Ndani ya majuma matatu, shirika la OVD-Info, linalofuatilia ukamataji nchini humo, lilikuwa limehesabu zaidi ya watu 14,000 waliotiwa mbaroni. Tarehe 4 Machi, siku nane tu baada ya uvamizi, sheria mpya ilikuwa imeshasainiwa: kusambaza kile ambacho serikali inakiita habari za uongo kuhusu jeshi kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 15. Mitaa ikapoa. Anayeanza kutazama Aprili anaona nchi iliyotulia, hajui ilivyotulizwa.

Uzito wa sheria hiyo unaonekana vizuri zaidi ukimtazama mtu mmoja. Alexei Gorinov alikuwa diwani katika wilaya ya Krasnoselsky jijini Moscow. Tarehe 15 Machi 2022 baraza lao lilikaa, na kati ya mambo yaliyokuwa mezani ni mashindano ya watoto ya kuchora. Gorinov akahoji: mashindano ya watoto yatafanywaje wakati huko Ukraine watoto wanakufa? Kikao kilikuwa kinarekodiwa. Julai mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 60, alihukumiwa kifungo cha miaka saba. Kizimbani aliinua karatasi yenye maneno: Bado mnaihitaji vita hii? Mwenyekiti wa baraza, aliyezungumza kama yeye, alikuwa ameshakimbia nchi. Gorinov hakuitisha maandamano wala hakurusha jiwe. Alitoa maoni ndani ya kikao halali cha baraza alilochaguliwa kulitumikia. Kila diwani, mwalimu na karani aliyeisikia hukumu ile alijua kwamba hata yeye angeweza kuwa amesema maneno kama yale.

Lakini hofu peke yake haielezi kila kitu. Kuna jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi: raia hawajuani. Wakitoka watu kumi, wote watalala rumande. Wakitoka laki tano, polisi hawana pa kuwaweka. Kwa hiyo uamuzi wangu wa kutoka unategemea wangapi wengine watatoka, nao wanasubiri kujua hilo hilo kunihusu mimi. Mwanauchumi Timur Kuran amechambua kwa kina namna watu wanavyoficha wanachokitaka na kuonyesha wanachotakiwa wakitake. Mimi naichukia vita, jirani yangu anaichukia pia, na kila mmoja anadhani mwenzake anaishangilia. Ndiyo maana polisi wa Urusi waliwakamata hata watu waliosimama na karatasi nyeupe isiyo na neno lolote. Karatasi ile ilikuwa inawaonyesha wapita njia kwamba hawako peke yao.

Hapa ndipo kura za maoni zinapopotosha. Mpiga simu usiyemjua anakuuliza kama unaiunga mkono operesheni ya jeshi, ukijua sheria inasemaje, utajibu nini? Watafiti wana mbinu ya kulizunguka tatizo hilo. Wahojiwa hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza linapewa orodha fupi ya mambo ya kawaida, na kila mtu anasema tu anaunga mkono mangapi, bila kutaja yapi. Kundi la pili linapewa orodha ile ile, ila vita vimeongezwa. Tofauti ya wastani wa makundi hayo inaonyesha ni sehemu gani ya watu inayounga mkono vita, na hakuna aliyejifichua. Philipp Chapkovski na Max Schaub walifanya hivyo nchini Urusi mwaka 2022. Walioulizwa moja kwa moja, asilimia 68 walisema wanaunga mkono. Kwa njia ya orodha, wakawa 53.

Nawaomba wasomaji wazichukue namba zote mbili. Pengo la pointi 15 ni watu waliodanganya kwa kujilinda. Lakini 53 bado ni zaidi ya nusu, na waliojibu hivyo hawakuwa wanatishwa na mtu. Vita vyenyewe huzalisha wafuasi, hasa mwanzoni. Argentina ni mfano mchungu. Tarehe 30 Machi 1982 wafanyakazi walijaa barabarani Buenos Aires kuupinga utawala wa kijeshi, wakapigwa na kukamatwa. Siku tatu baadaye jeshi liliteka visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza waliovitawala huviita Falkland, na umati ukafurika uwanja wa Plaza de Mayo kumshangilia Jenerali Galtieri, mkuu wa utawala huo. Akina mama waliokuwa wakiwatafuta watoto wao waliotekwa na utawala huo huo walijikuta wakisema: Malvinas ni ya Argentina, na waliopotezwa nao pia. Jeshi lilisalimu amri tarehe 14 Juni. Kesho yake umati ulirudi uwanjani, safari hii kwa hasira, na ndani ya siku chache Galtieri alikuwa ameondoka.

Kampala ilifanana na hayo kwa upande mmoja. Idi Amin alipotuma majeshi Kagera mwaka 1978, hakuna aliyeandamana kumpinga. Mji ulipoanguka Aprili 1979, watu walimiminika mitaani kushangilia kuanguka kwa serikali yao wenyewe. Furaha ile haikuzaliwa asubuhi ile.

Watu husahau pia kwamba maandamano yanahitaji waandaaji wake. Februari 2003 London ilijaa watu wanaopinga vita vya Iraki, kwa sababu kulikuwa na vyama vya wafanyakazi, makanisa, misikiti na vikundi vya wanafunzi vya kukodi mabasi na kuchapa mabango, na polisi wa kuzuia magari ili wapite. (Hata hivyo, vita vilianza.) Dikteta huvunja vyama hivyo miaka mingi kabla ya kupiga risasi ya kwanza. Ureno ya kidikteta, wakati wa vita vyake vya kikoloni Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, Wakatoliki wachache walifunga na kukesha katika Capela do Rato, Lisbon, mwishoni mwa Desemba 1972, wakitaka vita vijadiliwe. Polisi waliingia kanisani na kuwakamata. Kama dua kanisani ilikuwa uhalifu, maandamano yangeanzia wapi?

Kwa hiyo watu hupinga kwa miguu. Vijana wengi mno wa Ureno walivuka mipaka kwa siri hadi Ufaransa wasiende kupigana Afrika, na hatimaye ni maofisa wa jeshi waliochoshwa na vita hivyo walioipindua serikali tarehe 25 Aprili 1974. Putin alipotangaza kuandikishwa kwa watu 300,000 Septemba 2022, misururu ya magari ilijaa kwenye mpaka wa Georgia, huku Makhachkala, katika jimbo la Dagestan kusini mwa Urusi, wanawake wakikabiliana na polisi uso kwa uso. Vita vilikuwa vimegonga mlango wao.

Serikali ililielewa somo hilo haraka kuliko wachambuzi wengi, ikaanza kununua askari badala ya kuwaburuta. Julai 2024 malipo ya serikali kuu kwa anayesaini mkataba yalipanda kutoka rubo (sarafu ya Urusi) 195,000 hadi 400,000, na jiji la Moscow likatangaza rubo 1,900,000 kwa wakazi wake. Siku hizi ninapotaka kujua wananchi wanakionaje kinachofanywa kwa jina lao, natazama bei hiyo kabla ya kutazama kura yoyote ya maoni.